Mahari Iliyolala Manispaa

Sitautaja mji wetu kwa jina. Nikiutaja tu, jioni hii hii kuna mtu atanipigia simu kuniuliza Kahama wamenihonga nini. Jua tu kwamba uko huku huku kwetu, kati ya Shinyanga na Geita, kwamba ni manispaa, na kwamba unataka kuwa jiji.

Kila mji wa ukanda huu unataka kuwa jiji. Mwanza wameshakuwa, na wanajisikia. Kahama wanasema wao wana dhahabu na mpunga, mtu anataka nini tena? Geita wanasema dhahabu yenyewe hasa ni yao. Shinyanga mjini wanasema tulieni, sisi tulikuwa mji ninyi mkiwa pori la fisi, na uwanja wa ndege uko kwetu Ibadakuli. Sisi hatukuwa na uwanja wa ndege, na dhahabu yetu ni ya kubahatisha. Sisi tulikuwa na kipilefti.

Kilikuwa mzunguko mkubwa mno kwa barabara zenyewe. Magari mawili yakikutana pale, moja likitoka mnadani na jingine likienda hospitali, watu walisimama kutazama. Katikati walipanda ukoka, na ukoka huo ulimwagiliwa na boza la manispaa asubuhi na jioni, wakati sisi tunapanga ndoo bombani na kugombana. Duka langu la vifaa vya ujenzi linatazamana nacho. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, ukisimama mlangoni kwangu ukazungusha macho, kila kitu kina rangi ya biskuti, paa, miti, mbuzi, mpaka watu. Kipilefti peke yake ndicho kijani.

Nami nisiwe mnafiki, nilitaka jiji kuliko wote. Jiji linajengwa na nini? Na saruji, nondo na mabati. Kwa nani? Kwangu. Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita likisema wageni kutoka Dodoma watakuja kukagua kama tunastahili kupandishwa hadhi, nilishona kitenge cha sare pamoja na wafanyabiashara wenzangu na kupiga vigelegele mpaka koo likakauka. Mji mzima ulichanganyikiwa. Kinyozi wa jirani alipaka ukuta rangi na kuanza kuvaa koti jeupe kama daktari. Gesti iliyokuwa na vyumba vinne na choo kimoja ikageuka hoteli, choo kikabaki kile kile. Muuza maandazi akayapunguza ukubwa, ukimuuliza anakujibu, "Haya ni ya jiji, mama. Ya kijijini yalikuwa yale."

Mzigo wa mambo yote haya ulikuja kumwangukia baba yangu.

Baba ni mzee wa Kisukuma aliyefanya kazi maisha yake yote kiwanda cha kuchambua pamba, na kila alichopata alikigeuza kuwa ng'ombe. Nyumbani kwetu palikuwa kijijini. Hatukuhama hata hatua moja, ila mji ulitufuata. Ili uwe jiji unatakiwa uwe na watu wengi, na njia ya haraka ya kupata watu si kuwazaa, ni kusogeza mpaka. Wakausogeza. Tuliamka tukaambiwa kijiji sasa ni mtaa, na mtaani haruhusiwi mtu kufuga ng'ombe.

Baba akawapeleka ng'ombe wake kwa baba mdogo, nje ya mpaka. Mwaka uliofuata mpaka nao ukaenda huko huko. Akawapeleka mbele zaidi, mpaka ukawafuata. Baba akasema, "Huu mji unanitafuta mimi au unawatafuta ng'ombe?" Mwishowe akawauza mnadani wote, akarudi nyumbani, akavua kofia na kuitundika.

Lakini zizi hakulivunja. Zizi letu limezungushiwa minyaa mirefu iliyopandwa na babu, na baba aliendelea kulifagia kila asubuhi. Zizi tupu! Mapengo akayaziba, lango akalikaza. Nikamwambia, baba, hapa ukijenga vyumba sita vya kupangisha, utakula bila kutoka jasho, saruji nitakupa mwenyewe. Akanitazama kama nimetukana.

"Wewe," akasema, "ungekuwa mtoto wa mtu mwingine ningekupiga."

Aliyekuwa akiishi naye ni mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Tangu mama afariki, yeye ndiye aliyempikia baba, aliyemkumbusha dawa za presha, aliyegombana naye kuhusu redio. Ana saluni ndogo, ana mdomo mkali kuliko wangu, na alikuwa amefika miaka thelathini na saba bila kuolewa. Wachumba walikuja wawili. Wa kwanza alitaka kuhamia kwetu. Wa pili, siku ya kujitambulisha, alimwita baba "braza". Sote tulikuwa tumeshajitia hamnazo, hatuulizi tena.

Ndipo akatokea wa tatu. Mtu wa Kharumwa, makamo, mpole, amefiwa na mke, ana karasha la kusaga mawe ya dhahabu na kitambi cha heshima. Alikuja kusalimia akiwa amevaa viatu vilivyong'aa, na alipomwona baba akainama mpaka mikono ikakaribia kugusa chini.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umetoka Kharumwa?"

"Ndiyo baba."

"Kuna majani huko?"

"Mwaka huu yapo, baba."

Baba akamwambia akae. Walizungumza majani saa nzima. Mdogo wangu alinivuta jikoni, macho yanamng'aa, akanong'ona, "Dada, huyu nikimkosa nahamia utawani."

Mambo yakaenda vizuri mpaka tulipofika kwenye mahari. Mjomba wake bwana harusi, mzee mrefu mwenye sauti ya kengele, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Alisema wamejadili, wameona kwa kuwa hapa sasa ni mjini na ng'ombe hawaruhusiwi, basi wataleta pesa taslimu.

"Pesa itaingiaje zizini?" baba akauliza. "Ina miguu?"

Mjomba akacheka. Baba hakucheka.

"Ng'ombe wataingia pale langoni," akasema, "watalala zizini kwangu, nitawaona asubuhi. Wasipolala kwangu, mimi sina mkwe, na binti yangu haendi popote."

Mdogo wangu akaangusha trei ya soda.

Wageni walipoondoka nilimvaa baba. Nikamwambia, mzee, unamharibia mtoto maisha kwa ajili ya kwato! Unajua ana miaka mingapi? Unajua wanaume wa namna hii wamebaki wangapi? Aliniacha nimalize, kisha akasema taratibu, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mama yako hayupo. Huyu akiondoka, hapa ndani patakuwaje? Ng'ombe ukiwa nao wanakuita. Wanataka maji, wanataka majani, mmoja ameumwa, mwingine amevunja uzio. Mtoto anatoka, kelele inaingia. Ndiyo mahari hiyo. Wengine mnadhani ni malipo."

Sijui kama hiyo ni mila ya Wasukuma wote au ni ya baba yangu peke yake. Najua kwamba sikumtajia tena vyumba vya kupangisha.

Basi nikaenda kwa mtendaji wa mtaa, binti mchangamfu anayefanya kazi na simu mbili. Nikamweleza kwamba tunaomba usiku mmoja tu, ng'ombe kumi na wawili, waingie, walale, watoke. Akasema hana shida kabisa, mama, ila tusubiri kwanza wageni wa Dodoma waje waondoke.

"Wanakuja lini?"

"Wiki ijayo."

Wiki ijayo hiyo ilidumu miezi mitatu. Kila nikienda naambiwa wiki ijayo. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa, mvua ya mapema ikayaosha, yakapakwa tena. Huko Kharumwa nako ng'ombe wa mahari wanasubiri, na mmoja akazaa. Ukazuka ugomvi mpya, ndama ni wa nani? Mjomba akasema kazaliwa kwetu, ni wetu. Baba akasema mama yake ni wangu, sasa yeye atakuwaje wa kwenu? Simu zikapigwa wiki nzima. Shemeji yangu mtarajiwa, maskini, akasema ndama aje tu, hata na kuku wakitaka waje. Mdogo wangu akaacha kula.

Hatimaye mtendaji akasema kwa uhakika wageni watafika Jumanne. Tukakaa kikao, tukakubaliana: Jumamosi, siku tatu kabla, mji haujaanza pilikapilika za wageni, ng'ombe waingie kimya kimya. Fuso litawashusha nyuma ya shule ya msingi, mjomba na jamaa zake wawili watawaswaga kwa njia ya korongoni mpaka nyumbani. Jumapili asubuhi watoke. Jumanne mji utakuwa msafi, tutapiga vigelegele, tutakuwa jiji. Mimi ndiye niliyepanga. Nilijisifu sana.

Jumamosi hiyo nilikuwa dukani, najiandaa kufunga niende kwa baba kupika. Nilikuwa nimevaa kile kitenge cha sare kwa sababu ndicho kilichokuwa kimepigwa pasi, na kichwani nimejitwika sufuria mbili kubwa. Boza lilikuwa limetoka kumwagilia kipilefti muda si mrefu, ukoka unametameta, harufu ya udongo mbichi imejaa mtaa wote.

Harufu hiyo, nilikuja kuambiwa, ilifika hadi korongoni. Ng'ombe wale walikuwa wametoka Kharumwa na kiu yao, wamesukwasukwa ndani ya fuso kwenye vumbi tangu alfajiri. Waliinua pua. Dume moja jekundu likageuza shingo, likaiacha njia ya kwa baba, likapanda juu mjini. Wengine wakalifuata. Mjomba alipiga mbinja, alirusha fimbo, aliwaita kwa majina ya mama zao. Wapi!

Mimi niliwaona wakitokea kati ya benki na duka la dawa, wamepanga mstari, ndama nyuma. Hawakuwa na wasiwasi wowote. Walivuka lami, wakapanda kipilefti, wakainamisha vichwa.

Kabla sijapata hata pumzi ya kupiga kelele, nikasikia spika ya gari la matangazo ikitokea barabara ya juu: "Wananchi, wageni wetu wamewasili! Wananchi, jitokezeni kwa wingi!"

Jumamosi! Wamekuja Jumamosi! Walikuwa wamemaliza mapema kukagua mji mwingine, wakaona wasipoteze muda.

Nyuma ya gari la matangazo yalikuja magari meupe marefu, moja, mbili, sikuendelea kuhesabu. Dereva wa gari la mbele alikuwa mtu wa nidhamu. Alipofika akakuta kipilefti kina waliotangulia, akasimama kuwapa kipaumbele kama sheria inavyotaka. Magari yote yakasimama nyuma yake. Ng'ombe hawakuwa na haraka. Mmoja akajisaidia palepale mbele ya bango la kutukaribisha.

Wageni wakashuka. Viongozi wetu wakashuka. Mama mmoja mnene mwenye miwani, aliyeonekana ndiye mkubwa wa msafara, akatoa simu akapiga picha, kisha akauliza, bila ukali wowote, "Hawa ng'ombe ni wa nani?"

Kinyozi akajifungia ndani na koti lake jeupe.

Hapo mjomba akafika anahema, amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Ni mtu mkweli, hajui kusema uongo hata pale unapohitajika. Akavua kofia. "Ni wa mahari, mheshimiwa."

"Mahari ya nani?"

Akaangaza macho, akaniona mimi na sufuria zangu, akanyoosha fimbo. "Ya mdogo wake yule pale. Yule mwenye sare yenu."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na sufuria zote. Watu wote wa mji waligeuka. Mama mwenye miwani akanipungia mkono, nami, sijui kwa nini, nikapiga kigelegele.

Mgambo wakaitwa. Ng'ombe wakaswagwa mpaka kwenye zizi la manispaa, uwanja wenye seng'enge nyuma ya magari mabovu, wakafungiwa na kufuli. Dume jekundu lilikubali kuondoka baada ya kushiba.

Nilipofika nyumbani nilimkuta baba amekaa langoni mwa zizi na wazee wenzake, amevaa koti la suti katika joto lile, viatu amevipaka mafuta. Zizi limefagiliwa mpaka udongo unang'aa. Majani amejaza, maji amejaza. Akanyanyuka.

"Wako wapi?"

"Wamekamatwa, baba."

"Na nani?"

"Manispaa."

Akatazama jua. "Kawatoe kabla hawajalala huko."

Nilikimbia huku na huko jioni yote. Ofisi zilikuwa zimefungwa. Mwenye ufunguo wa kufuli alikuwa kwenye chakula cha wageni. Mtendaji hakupokea simu hata moja kati ya mbili. Ng'ombe wakalala manispaa, Jumamosi na Jumapili.

Jumapili baada ya kanisa ndipo kikao kilipokaa sebuleni, na hicho kikao sitakisahau. Mjomba wa bwana harusi alisimama, akakohoa, akasema upande wao umetimiza. Ng'ombe wamefika mjini, mji mzima umeshuhudia, hata Dodoma imeshuhudia na kupiga picha. Sasa wanaomba mke.

Baba akasema, "Ng'ombe wamelala zizini kwa nani?"

"Kwa serikali."

"Basi mkamwombe mke serikalini."

Wazee wakaguna. Mmoja wao akasema kwa uzito wote kwamba baba ana hoja, kwa sababu mahari inapolala ndipo inapopokelewa, na kama imepokelewa manispaa, basi mkurugenzi wa manispaa ndiye baba wa bibi harusi. Mwingine akauliza, je, mkurugenzi akigoma kutoa binti? Wa tatu akauliza ndama naye ni wa manispaa au vipi. Walikuwa hawatanii hata kidogo! Shemeji mtarajiwa alikuwa anajifuta jasho na kitambaa, akikifungua na kukikunja.

Mlango wa chumbani ukafunguliwa kwa kishindo. Mdogo wangu akatoka, amelia mpaka macho yamevimba.

"Nimengoja miaka yote hii," akasema, "nije niozwe na halmashauri?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilitaka kucheka, nikashindwa nilipoyaona macho yale. Akamgeukia baba, na kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia anamnyenyekea. "Baba, nakuomba. Nikubalie tu hivi hivi."

Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani atakubali. Lakini akainuka, akachukua fimbo yake, akasema, "Kesho nakwenda kuongea na huyo baba yako mpya."

Jumatatu asubuhi nikampeleka. Mkurugenzi ni mtu wa pwani, mstaarabu, ana sauti laini na hukaribisha watu kwa mikono miwili. Mjini kwetu hakuwa amekaa muda mrefu. Alimpa baba shikamoo, akamvutia kiti, akasema kwa masikitiko kwamba ng'ombe wataachiwa, faini ikishalipwa, lakini watatolewa moja kwa moja nje ya mpaka. Sheria ni sheria, mzee wangu. Hawezi kuwarudisha mtaani.

Baba akasema, "Sikuja kuwachukua. Nimekuja kukupa hongera."

"Hongera ya nini, mzee?"

"Umepokea mahari ya binti yangu. Imelala kwako siku mbili. Kwetu huyo sasa ni binti yako."

Mkurugenzi akanitazama. Nikatazama ukuta.

"Mzee, mimi nina familia yangu."

"Unayo, na imeongezeka. Sasa nikueleze kazi yako, kwa sababu wewe mgeni, hujui." Baba akaegemeza fimbo, akaanza. Baba wa binti huchinja dume moja kwa ajili ya wakwe, na wakwe wenyewe wako nyumbani tangu Jumamosi, wanakula. Humnunulia binti kitanda, godoro, masanduku na vyombo. Huwapokea ndugu wa mume kila wakija mjini, na hawa wa Kharumwa ni wengi na wanakuja mjini sana. Binti akigombana na mumewe hurudi kwa baba yake, na huyu binti, naomba nikuambie ukweli, ana mdomo. "Chumba cha kurudia kipo kwako?"

Nilijua baba anamaanisha kila neno. Hakuwa anafanya mchezo, na hilo ndilo lililomtisha mkurugenzi. Alianza kuvuta kola ya shati. Akamwita mwanasheria, mwanasheria akaja, kwao Shinyanga, akasikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mkuu, kisheria hakuna kitu kama hicho. Ila kwa huku kwetu, mzee yuko sahihi."

Dirishani, kwa mbali, tulisikia ng'ombe mmoja analia. Baba akageuza kichwa upande ule mara moja, kama mtu aliyeitwa jina. Mkurugenzi alimwona. Nadhani ni hapo alipoelewa, maana sauti yake ilibadilika.

"Mzee," akasema, "wakitoka hapa kwenda nje ya mpaka, wanapita njia ipi?"

"Ziko nyingi."

"Ile ya kwako ipo?"

"Ipo."

"Basi wapitie huko. Jioni hii. Na ng'ombe wakichoka njiani hulala, mimi siwezi kuwazuia. Ila kesho asubuhi nikipita nisiwaone."

"Wabeja," akashukuru baba kwa Kisukuma, "wabeja sana," na akamshika mkono kwa mikono miwili.

Waliingia jua likielekea kuzama. Baba alisimama langoni na koti lake, na kila ng'ombe aliyepita alimgusa mgongoni. Ndama aliogopa kuingia, baba akambeba. Mzee wa miaka ile, na presha yake, akambeba! Majirani walijaa, waliozaliwa mjini na waliokuja juzi, hata muuza maandazi alikuja. Mwanamke wa Kichaga anayepanga nyumba ya tatu alipiga vigelegele kuliko Wasukuma. Mdogo wangu alisimama mlangoni na mchumba wake, analia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinamtoka, hajali. Mjomba wa bwana harusi akasema kwa sauti yake ya kengele, "Mke sasa tumepata?" Baba akasema, "Chukueni." Nilifurahi, nisikufiche.

Kuhusu jiji, mpaka leo tunasubiri majibu. Wako wanaosema sisi ndio tulioharibu, na kuna wateja wawili walihamia duka la mwenzangu kwa hasira. Wengine wanasema yule mama mwenye miwani alipenda sana, anataka ng'ombe waletwe tena. Ukoka wa kipilefti umepandwa upya.

Jumanne alfajiri fuso lilikuja. Ng'ombe walipakiwa wote na ndama wao, wakapelekwa kwa binamu yake baba, mbali sana, ambako hata jiji likija tutakuwa tumeshazikwa sote. Baba aliwapandisha mwenyewe, mmoja mmoja. Lango la zizi akaliacha wazi.

Saa nne likaja gari la wakwe. Harusi ya kanisani ilikuwa iwe Kharumwa Jumamosi ya wiki hiyo, na bibi harusi alitakiwa atangulie na shangazi. Mdogo wangu alipiga magoti mbele ya baba, akamwonyesha tena dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya jioni, akamkumbatia, akapanda. Alitupungia mkono mpaka gari likakata kona ya shule.

Nikafagia uani. Nikaosha vyombo vya wageni. Nikabeba mkoba wangu, maana duka lilikuwa limefungwa siku tatu na mafundi walikuwa wananitafuta. Nyumbani kwangu ni mwendo wa bodaboda dakika kumi, na tangu niolewe sijawahi kulala kwetu hata siku moja, sikuwahi kuona sababu. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, redio iko mapajani, hajaiwasha.

"Baba, mimi naenda."

"Haya, mayu."

Nikafika mlangoni.

"Mayu," akaniita. Baba yangu hajawahi kuniomba kitu tangu nizaliwe. Alikuwa anatazama redio, hanitazami mimi. "Una haraka sana leo?"

Nikaweka mkoba chini. Nikampigia mume wangu nikamwambia chakula kiko kwenye friji, apashe mwenyewe.